Upande Wangu, Upande Wako

Wanjugu alipofukuzwa kazi ya nyumbani kwa mara nyingine, pale Hurlingham, hakupata mtu wa kulaumu. Alikuwa ameweka pasi juu ya shati la mwenye nyumba, akasikia kengele ya baiskeli ya muuza maziwa, akatoka kwenda kuangalia. Huko nje akaona paka ameangusha chungu cha maua, akakisimamisha. Akakumbuka nguo zilizokuwa kwenye kamba, akaenda kuzianua, na mikono yake ilikuwa bado imejaa nguo harufu ya kuungua ilipomfikia. Mama mwenye nyumba hakupiga kelele. Alilikunjua lile shati, likiwa na umbo la pasi katikati ya mgongo kama mtu aliyepigwa muhuri, akamwambia kwa jina lake la ubatizo, "Virginia, wewe ni msichana mzuri. Lakini hapa hapana kazi yako."

Hilo la wewe ni msichana mzuri ndilo lililomuuma njia nzima ya kurudi kwao Waithaka. Alitembea kwa hasira, akivuka upande huu wa barabara na kurudi ule bila sababu, akichuma majani ya uzio wa kayaba na kuyatupa. Alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi; nchi ilikuwa na uhuru wa miaka mitatu, na kila mtu aliyemjua alikuwa akienda mahali fulani. Yeye alikuwa akirudi tu.

Kiragu, baba yake, alikuwa akitengeneza ua wa ng'ombe alipomwona akiingia langoni mchana. Alimtazama, akapigilia msumari, kisha akasema, "Umeshindwa hata kukaa mahali pa kulipwa."

Kukaa. Neno hilo lilimfuata Wanjugu tangu utoto. Shuleni, miaka ile ya vita vya uhuru, watu walipokuwa wamekusanywa vijijini chini ya walinzi, mwalimu alimfunga mguu kwa kamba ya mkonge kwenye benchi ili atulie. Wanjugu alitulia kidogo, kisha akaona kitu dirishani, akainuka na kwenda nalo benchi lenyewe, pamoja na watoto wawili waliokuwa wamelikalia. Darasa lilicheka, yeye alichapwa. Lakini kamba haikuwa ndiyo shida kubwa. Shida kubwa ilikuwa herufi. Wenzake walizitazama nazo zikabaki pale pale. Yeye alipozitazama zilibadilishana viti: ya mbele ikaenda nyuma, yenye tumbo kulia ikageuza tumbo kushoto, na alipodhani amelikamata neno, lilikuwa limeshakuwa lingine. Mdogo wake alimkuta darasa la pili, akampita. Siku Kiragu alipoitwa shuleni na kuambiwa binti yake hafundishiki, alimchapa njia nzima ya kurudi nyumbani. Baada ya hapo Wanjugu alibaki shambani, akipalilia mistari nusu na kuiacha.

Kulipokucha siku ile ya pili baada ya mambo ya shati, hakuweza kukaa nyumbani. Alivaa viatu vyake vya kanisani akaenda mjini. Alianzia River Road, akawa anapanda kila ngazi anayoiona, anabisha kila mlango, anauliza kazi yoyote. Hakusoma kibao chochote mlangoni, kwa hiyo hakujua anaingia wapi. Aliingia kwa fundi wa meno, kwa mawakili, kwa watu waliokuwa wakisali. Ndivyo alivyojikuta juu ya duka la vitambaa, katika chumba chenye meza kubwa katikati. Juu ya meza hiyo palikuwa na mji mzima: barabara zilizochorwa kwa rangi, raundabauti, vivuko vya miguu, na vigari vidogo vya bati vya watoto.

Nyuma ya meza aliketi mtu mnene mwenye koti, akipuliza kikombe cha maji moto yasiyo na majani ya chai.

"Hapa ni nini?" Wanjugu aliuliza.

"Shule ya kuendesha gari. Hukusoma hapo nje?"

"Natafuta kazi."

Yule mtu alikuwa Zedekiah Odero, aliyetoka kijijini kwao Gem zamani na kuendesha malori ya kampuni mpaka akachoka nayo, ndipo akafungua shule yake. Biashara ilikuwa nzuri. Karani aliyekuwa akipanda baiskeli jana, leo alikuwa mkubwa wa idara na amekopeshwa gari na serikali, na gari liko nje ya nyumba yake hajui kulitoa. Wote hao walikuja kwa Zedekiah.

"Unajua kupika chai?" aliuliza.

"Najua."

"Unajua kukaa kimya wakati watu wanafundishwa?"

Wanjugu alifikiria kusema uongo. "Hapana," alisema.

Zedekiah alicheka mpaka maji yakamwagika kwenye koti, akamwonyesha mahali ufagio ulipo.

Chai yake ilikuwa ya bahati. Mara ilichemka ikazima jiko, mara ilisahauliwa sukari. Zedekiah alinung'unika lakini hakumfukuza, kwa sababu alipenda kusikia mtu akiongea asubuhi. Na kulikuwa na jambo jingine. Kila alipofuta vumbi kwenye ile meza, Wanjugu alivisogeza vigari. Mwanzoni alivirudisha. Baadaye aliacha kuvirudisha, na Zedekiah akawa anaingia na kukuta mji wake umefungamana: basi limeziba njia, mkokoteni wa kasha la kiberiti umepinduka kwenye raundabauti, magari yamejipanga nyuma yake.

"Hii ni nini sasa?"

"Ni hapo chini, jana. Ile lori ya viazi ingerudi nyuma kidogo tu, wote wangepita. Tazama." Alisukuma kigari kimoja kwa kidole, kisha kingine, na mji ukafunguka.

Zedekiah alitazama meza, akamtazama yeye. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alimchukua na ile Morris Minor yenye kibao cha herufi nyekundu ya wanaojifunza mpaka uwanja mtupu karibu na mtaa wa Jamhuri, akamwambia aketi mbele ya usukani.

Wanjugu alitarajia kelele. Kichwani mwake siku zote kulikuwa na kelele, kila jambo likiita kwa sauti sawa na jingine: ndege, kengele, kidonda cha mguuni, jambo alilosema mtu juzi. Walizunguka uwanja mara kadhaa, gari likirukaruka kama mbuzi, Zedekiah akishika mlango. Baadaye akamwachia atoke barabarani, taratibu, kuelekea mjini. Na hapo, katikati ya baiskeli na mabasi na watu waliovuka bila kutazama, kichwa chake kikanyamaza. Kila kilichoita kilikuwa na kazi. Mtoto aliyeshika mpira kando ya ukuta, ilifaa kumwona. Mlango wa teksi uliofunguka kidogo, ilifaa kuuona. Kwa mara ya kwanza maishani hakuambiwa anaangalia mambo mengi mno. Alipozima injini mbele ya ofisi, mikono yake ilikuwa imetulia mapajani, na aliitazama kama mikono ya mtu mwingine.

"Mbona unalia?" Zedekiah aliuliza.

"Silii."

"Haya. Hulii."

Kilichokuja baada ya hapo ni mtihani wa polisi, na huko alianguka vibaya. Maswali ya mezani aliyajibu kwa mdomo bila taabu. Kisha mkaguzi akaketi kando yake garini, wakaenda mpaka njia panda, mkaguzi akasema, "Kata kushoto." Wanjugu aliangalia vioo, akatoa mkono dirishani kuonyesha ishara safi kabisa, akakata kulia. Mkaguzi alidhani ni woga. Mbele kidogo akasema, "Kata kulia." Akakata kushoto. Mkaguzi akafunga faili lake, akamwambia arudi siku akipata akili.

Haikuwa mara ya kwanza kwa maneno hayo mawili kumponyoka. Yalikuwa kama pacha waliovalishwa nguo sawa: alijua ni wawili, alijua ni tofauti, ila hakujua yupi ni yupi. Alijaribu kufunga uzi kwenye kidole cha mkono wa kushoto, na njiani akawa hajui tena aliufunga mkono gani kwa sababu gani. Alijaribu kukumbuka mkono anaolia chakula, na akagundua kwamba anakula kwa wowote ulio karibu. Alirudi kwa mkaguzi, akaanguka tena.

Zedekiah alikaa naye ndani ya gari lililosimama, akiwa amechoka. Hakuwa mtu wa subira nyingi.

"Wewe umekaa na usukani," alisema. "Mlango wako ni huo. Mimi nimekaa wapi?"

"Hapo."

"Basi usiniambie kushoto, usiniambie kulia. Yule polisi akikaa hapa, kushoto ndiyo yeye. Kushoto ni mtu. Ukisikia kushoto, unakwenda kwa polisi. Ukisikia kulia, unatoka kwa mlango wako unamkimbia. Utasahau hiyo?"

Hakuisahau. Alipita. Mkaguzi alisaini, na Wanjugu akashuka ngazi za ofisi ile akiruka mbili mbili, mtu mzima, amevaa sketi ya kanisani.

Miaka ile mwanamke kufundisha gari halikuwa jambo la kawaida, na Zedekiah hakulipanga. Mwalimu wake mmoja aliugua, wanafunzi walikuwa wamesimama, akampa Wanjugu funguo. Alipoketi mahali pa mwalimu, Wanjugu alishtuka. Sasa yeye ndiye alikuwa kushoto. Ule mfano wa polisi uligeuka ndani nje, maneno yakachanganyika upya, na mbele yake kulikuwa na mama mmoja ameshika usukani akingoja kuambiwa pa kwenda.

"Kata upande wangu," Wanjugu alisema.

Yule mama akakata vizuri kabisa.

"Sasa upande wako."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu siku hiyo. Wanafunzi walifikiri ni mtindo wake wa kufundisha, na wakaupenda, maana mtu mwenye hofu hana nafasi ya kufikiria kushoto ni wapi, lakini hakuna anayesahau mwalimu wake ameketi wapi. Wanawake wakaanza kumwulizia kwa jina. Waume wao nao waliona afadhali wake zao wafundishwe na mwanamke. Wanjugu alizunguka mji toka asubuhi, kutoka kituo cha mabasi mpaka Hurlingham, kutoka Hurlingham mpaka barabara ya Ngong na kurudi, hashuki ila kubadilisha mwanafunzi. Alikonda. Alikula ndizi akiwa anaendeshwa. Zedekiah alimwambia apumzike, akajibu kwamba akipumzika ndipo anachoka.

Ajali ilitokea mahali pasipokuwa na kitu. Alikuwa na mwanafunzi aitwaye Dalmas, karani wa wizara, kijana mpole aliyekaribia kumaliza mafunzo. Walikuwa wamepita Kabete, kwenye barabara ya Naivasha, imenyooka, hakuna gari mbele wala nyuma, na jua lilikuwa zuri. Dalmas aliendesha sawasawa. Wanjugu aliona paa la nyumba fulani limepakwa rangi nusu. Akajiuliza rangi iliisha au fundi aliondoka. Akafikiria mistari ya shamba aliyoiacha nusu, akafikiria baba yake, akafikiria kama ng'ombe yule mweupe amezaa. Alipokuja kusikia changarawe chini ya magurudumu, gari lilikuwa limeshaacha lami. Dalmas alivuta usukani kwa nguvu kurudi, likayumba, likaingia mtaroni kwa ubavu.

Wanjugu alitoka na mkwaruzo. Dalmas alivunjika mkono.

Zedekiah alipofika na kumwuliza nini kimetokea, angeweza kusema mwanafunzi alikosea, na ingekuwa kweli nusu. "Sikuwepo," alisema.

"Hukuwepo vipi? Si ulikuwa ndani?"

"Nilikuwa ndani. Sikuwepo."

Zedekiah alimnyang'anya funguo bila kugomba. Wanjugu akarudi kwenye ufagio na jiko la chai. Miezi ile ilikuwa mibaya kuliko kamba ya mkonge. Alisikia milango ya magari ikifungwa huko chini, akahesabu wengine wakiondoka. Usingizi ulimkimbia. Baba yake alipopata habari alisema tu, "Nilijua," na neno hilo lilikaa kifuani mwa Wanjugu kama jiwe la kinu. Aliamini kwamba walimu walikuwa sawa, akina mama wa Hurlingham walikuwa sawa, kwamba ndani yake kulikuwa na tundu mahali ambapo watu wengine wana ukuta, na kwamba safari hii tundu hilo limevunja mkono wa mtoto wa watu.

Aliyemwokoa ni Dalmas mwenyewe. Alipanda ngazi siku moja, mkono bado ndani ya plasta, akaomba chai na kuketi karibu na jiko.

"Nataka kumaliza masomo," alisema. "Nataka unimalizie wewe."

"Mimi sifundishi tena. Na wewe una kichaa."

"Nisikilize, Mwalimu. Nimelala hospitali nikifikiria. Siku zote tukiwa mjini unaongea tu. Yule ana mzigo, yule anataka kuvuka, mwangalie mbwa. Mimi nilikuwa naona unanipigia kelele. Lakini naendesha vizuri ukiongea. Siku ile, tulipotoka Kabete, ulinyamaza. Uliponyamaza tu, na mimi nikaanza kulala macho wazi. Hata nilitaka kukuuliza, kwani umekasirika?"

Wanjugu alisimama na birika mkononi. Miaka yote aliambiwa kelele yake ndiyo ugonjwa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hatari iko kwenye kimya. Aliigeuza habari hiyo kichwani mchana kutwa, akifagia pale alipokwisha kufagia, na jioni alimwendea Zedekiah akamwomba nafasi moja, na Zedekiah mwenyewe akae kiti cha nyuma kumwangalia.

Walirudi barabara ile ile ya Naivasha. Mwanafunzi alikuwa mwuguzi kutoka Kawangware. Walipoanza kunyooka, Wanjugu akamwambia, "Sema unachoona."

"Sioni kitu, Mwalimu. Barabara tu."

"Sema hiyo barabara ikoje."

"Ina... ina mchanga pale upande wangu. Kuna mama na kuni. Kuna mbuzi wawili, mmoja hajafungwa."

"Usimwache huyo. Na kule juu?"

"Kuna kona. Siwezi kuona nyuma yake."

"Kwa hiyo?"

"Napunguza mwendo."

Walikwenda hivyo mpaka Kikuyu na kurudi, mwuguzi akitangaza kama mtangazaji wa mpira, Wanjugu akimsukuma kwa maswali, na kimya hakikupata pa kuingilia. Zedekiah alishuka akijipangusa jasho. "Masikio yangu yanauma," alisema. "Chukua funguo."

Dalmas alimaliza kwake, akapita mtihani.

Miaka iliyofuata jina la Wanjugu likatembea mjini. Watu walisema, nenda kwa yule mama wa sema-unachoona. Aliolewa na Haron, mpangaji herufi katika kiwanda cha uchapaji, mtu mtulivu kama maji ya mtungini, na majirani walishangaa wamepatana vipi. Haron alipanga herufi kutwa kucha, zikiwa kichwa chini na zimegeuzwa kulia kwenda kushoto, na hazikumsumbua. Alipogundua kwamba mkewe hawezi kusoma, hakushangaa sana. Alisema, "Basi mimi nitasoma, wewe utaendesha." Yeye ndiye aliyepika pia, baada ya sufuria kadhaa kuungua. Walizaa watoto wawili. Mama yake Haron alilalamika kwamba mwanawe ameoa upepo. Haron alijibu kwamba ana joto, upepo unamfaa.

Zedekiah alipozeeka na kutaka kurudi Gem, alimwachia Wanjugu shule, meza na vigari na vyote. Wanjugu akaihamishia Hurlingham, kwenye barabara iliyokuwa imebadilishwa jina, mwendo mfupi kutoka ile nyumba ya shati. Alikuwa na magari manne na walimu watano, watatu kati yao wanawake. Mafanikio hayakumtuliza. Alifungua tawi karibu na soko la Kawangware akalifunga kabla rangi haijakauka. Alinunua basi dogo bila kumwambia Haron. Alianza kujenga nyumba Waithaka, akabadilisha ramani ukuta ukiwa kiunoni. Walimu wake walijifunza kumwandama nyuma, mmoja akimalizia anachokianza, na ni Haron aliyewaambia kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe, kwamba mtu huyu ataanzisha na ninyi mtamalizia, na mkifanya hivyo wote mtakula.

Mwaka wa sabini na saba alikuja mwanafunzi aitwaye Peres, mhadhiri katika chuo cha walimu, mwanamke wa makamo aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo. Aliendesha kwa uangalifu mwingi na kuuliza maswali mengi. Siku moja, walipokuwa wamekwama kwenye msongamano karibu na hospitali kuu, alizima injini akasema, "Mama Virginia, naweza kukuuliza jambo? Usikasirike."

"Uliza. Lakini washa gari, wanaanza kusogea."

Peres aliwasha. "Sijakusikia hata siku moja ukisema kushoto. Na karatasi zote unampa mume wako. Jana ulipita mlango wa benki ukarudi, ukauliza askari benki ni ipi."

Wanjugu angeweza kumshusha hapo hapo. Aligonga goti lake kwa vidole, haraka haraka, mpaka Peres akalitazama hilo pia.

"Mimi nimesomea watoto," Peres alisema polepole. "Kuna watoto akili yao ni nzima kabisa, pengine kali, lakini herufi hazikai machoni mwao. Kuna wengine ni mawazo na mwili ambavyo havikai. Na wengine wanavyo vyote viwili. Si ukaidi, si uvivu. Wanazaliwa hivyo. Huko nilikokuwa jambo hilo limeandikiwa vitabu."

"Lina jina?"

"Lina jina. Hilo la herufi linaitwa disleksia."

Wanjugu alilijaribu, likamshinda katikati. "Hata jina lenyewe wamelifanya gumu," alisema, na hakuwa anatania. "Lina dawa?"

"Dawa hapana. Kuna njia za kufundisha. Wewe umejitengenezea zako."

"Na yule mwalimu aliyenifunga kamba, hakuwa na vitabu hivyo?"

"Hapa hakuna aliyekuwa navyo. Hata sasa ni wachache."

Magari yalisogea. Wanjugu alimwambia akate upande wake. Alitaka kufurahi, lakini kilichokuja ni hasira isiyo na mtu wa kuipokea. Kama ni hivyo, basi zile fimbo zote zilikuwa za nini? Peres aliuliza, kwa kutaka kusaidia tu, "Kwenu kuna mwingine? Mara nyingi hutembea katika ukoo."

"Hakuna," alijibu. "Niko peke yangu."

Wiki ile hakupata raha. Alianza kuwafokea walimu, akapoteza funguo, akazipata, akazipoteza. Jumapili alikwenda Waithaka na Peugeot yake, akamwambia baba yake amekuja kumchukua akaione ofisi. Kiragu hakuwa amepanda gari la binti yake hata mara moja. Kila safari alikwenda kwa miguu, hata mjini, na kila mara alikuwa na sababu. Siku ile pengine alikuwa amezeeka sababu zikamwishia. Alivaa koti, akaingia.

Hawakuwa wamefika mbali Wanjugu alipoanza kuona. Baba yake alishusha kioo, akakipandisha. Alifungua kisanduku cha mbele, akakifunga, akakifungua. Aliuliza kile ni nini, na kabla ya kujibiwa akauliza ile nyumba ni ya nani. Goti lake lilikuwa likiruka chini ya koti bila kukoma, haraka haraka. Wanjugu alilitazama goti lile kiasi cha kukaribia kumsahau mwenye baiskeli mbele yao. Akamkumbuka baba yake kanisani, siku zote amesimama mlangoni, ati anazuia mbuzi wasiingie. Akakumbuka ua wa ng'ombe, uliokuwa ukitengenezwa miaka yote na haujawahi kumalizika.

"Baba," alisema, "wewe ulisoma mpaka wapi?"

Goti lilisimama. Kiragu aliangalia nje, kwenye vibanda vya Kawangware.

"Nilipelekwa misheni," alisema. "Wenzangu walikamata a-be-che kwa msimu mmoja. Mimi nilikuwa nikitazama ile karatasi inakuwa kama siafu waliomwagiwa maji. Nilitoroka nikaenda kuchunga. Nilibatizwa kwa sababu nilikariri kwa masikio. Mama yako hajui."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini?" Alivuta pumzi. "Walipokuja kusema wamekufunga kamba, nilisema moyoni, vizuri, huyu huenda wakamkamata. Mimi hawakunikamata, na tazama nimekuwa nani. Kisha wakaniita wakasema hufundishiki. Ile njia niliyokuchapa, Wanjugu, sikuwa nakuchapa wewe."

Wanjugu aliendesha. Alitaka kumwambia habari za Peres, alitaka kumwuliza kwa nini basi hakumshika mkono hata siku moja, alitaka kusimamisha gari na kumwacha hapo barabarani. Yote yaliita kwa sauti sawa.

"Simamisha," Kiragu alisema. "Siwezi kukaa zaidi. Miguu inawaka."

Alisimamisha kwenye kituo cha petroli, akamwomba mhudumu aliyemfahamu alitunze gari. Wakaenda kwa miguu, mzee mbele kwa hatua ndefu, binti nyuma akimkimbilia kidogo na viatu vyake vya kisigino, na njiani akamweleza mambo ya mhadhiri, yote, bila kupangilia. Kiragu hakugeuka. Mara moja tu alisema, "Kwa hiyo ni kitu," na baadaye kidogo, "Na watoto wako?"

"Yule mdogo. Nafikiri."

"Msimfunge."

"Hatumfungi, Baba."

Walifika ofisini wakiwa na vumbi mpaka magotini. Haron, aliyekuwa akiwangoja, aliona wamekuja bila gari, akaleta viti. Kiragu alishukuru, akabaki dirishani akitazama magari yanayopita chini, kisha akaenda mlangoni, akarudi dirishani. Wanjugu naye alikuwa ameshaanza kupanga upya vitu vilivyokuwa vimepangwa. Haron alitazama viti vitatu alivyovileta, akakalia kimoja, akamimina chai.

"Kesho utafundisha akina nani?" Kiragu aliuliza.

Wanjugu akaanza kumweleza, na kabla hajafika kwa mtu wa pili, mzee alikuwa ameshauliza jingine.